Magongo ya Zamda

Siku hizi damu ya kila mtoto hupimwa. Mashine ikiona protini za konzo, ule ugonjwa wa muhogo mchungu, serikali humletea magongo kabla miguu haijapooza. Bibi zetu waliuzuia kwa maji tu, wakiuloweka muhogo hadi sumu itoke.

Bwana Afya aliyaleta magongo ya Zamda wakati mtoto mwenyewe anaruka kamba uani.

"Mwanangu mzima," alisema mama yake, Somoe.

"Mpaka Januari, mama. Mashine haikosei."

"Imewaambia kwamba muhogo tunauloweka siku moja badala ya nne, tangu maji myapeleke kiwandani?"

"Hilo si la idara yangu."

"Basi leteni unga wa mahindi."

"Unga haumo kwenye fomu."

Zamda alikuja mbio, akayajaribu. "Marefu mno."

"Tumekadiria utakavyokua," Bwana Afya alimwambia kwa upole.