Sauti ya Mama

Jirani yangu Mama Shukuru anadai kuwa Zamoyoni wa nyumba ya tatu alifungua picha ya harusi iliyoambatishwa kwenye barua pepe, virusi vikazima maji ya mtaa mzima. Sheria yetu ni moja: kiambatisho hakifunguliwi, wala barua haijibiwi, mpaka aliyetuma aje mwenyewe mlangoni aseme ni yake.

Leo mama ameniandikia kutoka Urambo. Mwezi wa nne huu hainuki kitandani. "Mwanangu Nyamizi, naishiwa nguvu. Nimekuambatishia sauti yangu, isikilize."

"Hata virusi vinajua kusema mwanangu," alisema Mama Shukuru, akichungulia begani kwangu. "Futa, mdogo wangu. Watoto watakunywa nini?"

Nikafuta.

Jioni imekuja nyingine: "Mwanangu, umeisikia? Nijibu basi."