Mbuzi wa Daraja la Mwisho

Mbuzi alimpiga pembe ya mbavu, naye fundi cherehani akatumbukia mtoni akafa, kama jana na juzi.

Akazima runinga, akaufunika mtambo wa gemu kwa kipande cha pazia, akajifuta jasho na kwenda kufungua mlango wa duka. Wanachama, muuguzi na mwalimu wa hesabu wakiwemo, walikuwa wameshaanza kugonga, na aliyegonga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama mkwe wake.

“Mwenyekiti, umetuanika juani kama shuka!”

Mwenyekiti ndiye yeye. Chama kilikuwa cha wapenzi wa Taji la Chumvi, gemu kongwe ambayo mchezaji huwa mfinyanzi maskini, hukusanya wenzake njiani, hupigana nchi hata nchi, na mwishowe hufika kwenye daraja. Darajani kuna mbuzi kipofu. Ng’ambo ya mbuzi ndiko kuna mwisho, na mwisho huo, jamani, ulisifiwa kuliko bibi harusi.

Fundi hakuwahi kuuona. Mbuzi alimshinda akiwa kijana, akamshinda akiwa bwana harusi, na sasa anamshinda na mvi zake. Uenyekiti wenyewe aliupata kwa bahati tu. Siku ya kwanza ya chama mtu alimwuliza gemu inaishaje, naye kwa kukosa la kusema akainamisha kichwa na kunong’ona, “Mambo mengine hayasemwi.” Watu wakashusha pumzi, wakamchagua pale pale. Neno lake likawa mwiko wa chama: mwisho hautajwi. Hata mama mkwe, ambaye zamani alimwita “yule mshona suruali,” alianza kumwita mwanangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya fundi ilikuwa bado inakwenda, tena kwa raha.

Mpaka wiki hii. Waundaji wa gemu walitangaza kwamba wako tayari kutoa sehemu ya pili, ila kwanza wanataka kusikia kauli ya vyama vya wapenzi: itengenezwe, au isitengenezwe? Wakaongeza jambo moja. Sehemu ya pili itaanzia pale pale ya kwanza ilipoishia, kwa kutumia kaseti ile ile ya zamani, ambayo hukumbuka mchezaji alipofika. Ambaye hakumaliza, hafunguliwi.

“Tutaifungulia hapa dukani, kila mtu na kaseti yake!” muuguzi alisema huku akipiga makofi. “Mwenyekiti ndiye ataanza!”

Fundi akaisogeza cherehani kando, akasimama.

“Ndugu zangu,” akasema, “kitu kizuri hakiongezwi. Suruali ikishamkaa mtu vizuri, ukiigusa tena unaiharibu. Tuiache kama ilivyo.”

“Wewe nawe!” muuguzi akamjia juu. “Mimi kila nikiukumbuka ule mwisho nalia. Nataka nilie tena!”

“Unalia?” Mwalimu wa hesabu alishangaa. “Mimi nilicheka mpaka…” Akakohoa. “Ndiyo, nililia pia. Baadaye.”

“Mwiko!” mama mkwe akafoka, akiipiga meza kwa rula ya fundi. “Mimi gemu hii nimeimaliza mara tatu na sijawahi kufungua mdomo. Sehemu ya pili ije, hata kesho!”

Huko nje mbuzi wa jirani akalia, meee. Muuguzi akadondosha kikombe. Mama mkwe akaikumbatia rula.

“Upepo huo,” akasema mwalimu, ingawa hakuna aliyeuliza.

Fundi alishukuru kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama yeye.

Kura ilipigwa kwa vifungo, kama ilivyo desturi ya chama. Kila mtu alipewa kifungo cheupe cha shati na cheusi cha koti, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akatumbukiza kimoja kwenye kopo. Cheupe, itengenezwe. Cheusi, isitengenezwe. Fundi alitumbukiza cheusi akiomba dua, lakini moyoni alijua kimoja hakitafua dafu mbele ya vyeupe vya wenzake. Alishaiona siku yenyewe: kaseti yake inakataliwa mbele ya watu, na mama mkwe anageuka taratibu kumtazama. Angeitwa mshona suruali mpaka kaburini.

Mwalimu akalipindua kopo juu ya meza ya kukatia nguo.

Vyeusi. Vyote. Cheupe hakikuwepo hata cha dawa.

Fundi alitaka kuruka. Alitaka kumbusu mwalimu, muuguzi, hata cherehani yake. Kumbe ule mfano wa suruali uliwaingia! Furaha ilimpanda mpaka masikioni, ikambidi ajibane mdomo kwa kiganja asije akacheka kama mwehu.

Ila wenzake walikuwa na shughuli zao. Muuguzi alikuwa anakagua dari. Mwalimu alikuwa anafuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

Mama mkwe akainuka. Akafunga mlango, akatia komeo, akachungulia dirishani kuhakikisha hakuna mpita njia. Kisha akaufunua mtambo, akawasha runinga, akavuta kigoda na kuketi mbele yake. Muuguzi na mwalimu wakakimbilia viti vyao, wakasukumana kama watoto, kila mmoja akitaka kukaa mbele.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuwahi kuisikia kinywani mwake, “sisi ni wako, hutatucheka. Hebu tuonyeshe: yule mbuzi anapitwaje?”