Asilimia Thelathini na Tisa

Nyundo ilishuka juu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na Miwani akapiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia. Chini ya ofisi yake kulikuwa na mafundi wa kuchomelea mageti, na Jumamosi mchana kama ile kelele za mashine zao zilimeza kila sauti.

“Umebakiwa na tisa,” mwanamke alisema. “Vinatosha kuandikia.”

Nusu saa kabla, yeye na kaka yake walikuwa wamebisha hodi kwa adabu, wakakaribishwa viti. Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi la mbao. Kaka mtu, pande la mtu mwenye shingo nene, ndiye aliyemfunga Miwani miguu kwenye kiti kwa waya wa kompyuta yake mwenyewe.

Mama aliweka mezani kisanduku cha chuma, ukubwa wa tofali. Kwenye pembe zake damu ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi.

“Unakijua?”

Miwani alikijua. Ndicho kinachouambia msumeno wa umeme uwake lini na uzime lini. Programu iliyomo ndani aliiandika yeye na wenzake waliotawanyika huku na huko duniani, wakaiacha wazi, anayetaka achukue bila malipo.

“Wiki tatu zilizopita mwanangu alikuwa anausafisha msumeno, umeme umekatika. Uliporudi, msumeno ukawaka wenyewe. Mikono yake ilikuwa ndani. Ukamvuta mpaka kifuani.”

“Nilikuwepo,” kaka yake akadakia. “Tulikuwa wawili tu. Mimi mjomba wake ndiye niliyemchomoa.”

“Poleni sana, mama, mimi...”

Kofi la mjomba liliikata pole hiyo katikati na kuirusha miwani hadi ukutani. Mama akaiokota, akaifuta kwa upindo wa nguo, akamvisha.

“Utaihitaji. Nimesoma ukurasa wenu, mmeandika kwa mkono wenu: majaribio yanagusa asilimia sitini na moja ya programu. Thelathini na tisa hamjawahi kuzijaribu. Mwanangu amefia humo.”

“Tunajitolea, mama. Ni kazi ya bure, kila mtu akipata nafasi...”

“Na yeye amekufa bure. Andika.”

Jaribio, kwa mafundi wa aina ya Miwani, ni programu ndogo inayoichokoza ile kubwa ili ionekane inakosea wapi. Aliunganisha kisanduku na kompyuta, akakichomeka kwenye umeme, akaanza kuchokoza. Sitini na nane. Sabini na tano. Kila jaribio lililofaulu lilitoa mstari wa kijani kwenye skrini, na kila mstari wa kijani ulimpandisha mjomba mori. Kwenye themanini na moja alimpiga Miwani ngumi ya sikio. Kwenye tisini alimng'oa jino.

“Anatuzungusha huyu, dada! Anaandika ya kujipendeza. Tummalize twende zetu.”

“Mwache afike.”

“Ndiye aliyemuua mtoto wetu!”

“Nimesema mwache afike, kaka. Mwezi ujao mwanangu alikuwa ashike karakana ya marehemu baba yake. Miaka kumi na miwili umeibeba wewe, ungepumzika. Sasa ameingia ardhini na mimi sijui hasa kilichomuua. Nataka nikione kwa macho yangu.”

Miwani aliendelea. Meno yaliyobaki yalikuwa yanagongana. Kwenye tisini na sita alisema, kwa midomo iliyovimba, kwamba sasa amefika kwenye umeme kukatika na kurudi. Hapo mjomba alimrukia na kumkaba koo. Kiti kikaanguka naye. Macho yalianza kuingia giza, miguu ikitapatapa ndani ya waya, hadi mama alipomsukuma kaka yake kifuani kwa kichwa cha nyundo.

“Mwinue.”

Mjomba alimwinua.

“Chomoa wewe mwenyewe, mama,” Miwani alikoroma, akionyesha waya wa umeme wa kisanduku. “Usiniamini mimi.”

Mama alichomoa. Akasubiri. Akachomeka. Taa nyekundu ya kisanduku iliwaka, na kwenye skrini amri ya kuuwasha msumeno haikutoka. Akarudia. Akarudia mara kumi, akichomeka kwa nguvu zaidi kila mara, kama anayemzaba mtu vibao. Nyekundu. Nyekundu tu.

“Kinadanganya!” mjomba alisema. “Niliuona ukiwaka!”

“Basi uliwashwa na nini?” mama alimuuliza Miwani. “Hilo nalo liandikie jaribio.”

Alilichapa taratibu, damu ikiingia katikati ya vitufe vya herufi. Alipomaliza, skrini yote ilikuwa kijani, na juu kabisa paliandikwa mia kwa mia.

“Soma.”

Miwani alitema damu pembeni kwanza. “Umeme ukirudi, msumeno hauwaki. Mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia, na akishikilie sekunde tatu. Akiachia mapema, unabaki umezima.”

Mama akahesabu kwa sauti, polepole, kama anayepima ubao. “Moja.” Akanyamaza. “Mbili.” Akanyamaza tena. “Tatu.”

Mjomba alikuwa ameshashika kitasa. Mama alimwahi, akazungusha ufunguo na kuutia kifuani mwake. Halafu alirudi, akapiga magoti mbele ya Miwani na kumfungua waya mguu mmoja baada ya mwingine.

“Inuka, mwanangu,” alimwambia, huku akiiokota nyundo. “Mpishe mjomba wako akae.”