Goti la Gwamaka

Sheria inamruhusu kila mtu kubeba maumivu ya mtu mmoja tu, mpaka huyo mtu apone. Bwana Ambakisye, mwenye zahanati za kuhamisha maumivu na mfadhili mkuu wa Parachichi FC, alichagua goti la mshambuliaji wake, Gwamaka. Alilipokea katikati ya uwanja, mbele ya mkuu wa wilaya, mbuzi wawili wa zawadi na yatima waliovalishwa fulana zenye picha yake. Akachechemea kwa heshima zote.

Mwezi uliofuata, mifupa ya binti yake Tumpale ilianza kuuma. Mkewe tayari alikuwa amebeba mgongo wa bibi.

"Baba Tumpale, si umwambie huyo kijana apumzike, goti lipone?"

"Nimemwambia, tena kwa kumpigia magoti. Anasema mbona haliumi."

Kwenye televisheni Gwamaka alifunga, akapiga sarakasi. Ambakisye akashika goti, akakaza meno. Kitandani, Tumpale, aliyejikunja ndani ya jezi ya timu, akafumbua macho.

"Baba, tumefunga?"

"Tumefunga, mama."

Akatabasamu kidogo, kisha akaanza tena kulia.