Waridi Lililonuna

Walburga alipiga magoti chini ya mti wa jozi katika bustani ya jirani yake, akaanza kukata majani makuukuu ya mawaridi ya theluji, maua yanayochanua wakati wa baridi, kazi aliyoifanya kila Februari pamoja na mke wa jirani huyo. Mwaka huu alikuwa peke yake. Shoga yake, kwa maneno ya huyo jirani, alikuwa kwa dadake mjini Graz tangu majani yalipopukutika.

Pembeni maua yalikuwa yamechanua, meupe pepe. Katikati mashina yalikuwa yamelala chini, hayana hata tumba moja.

Hapa mtu kang'oa, kisha kapanda upya. Waridi hili halitaki kuguswa mizizi. Ukilihamisha tu, hununa mwaka mzima. Shoga yake alilijua hilo kama anavyozijua sala zake.

"We mzee, nani kakuruhusu kuchimba hapa?" Walburga alimtania jirani, aliyekuwa amesimama langoni. "Mkeo akirudi, utalala na kuku!"

Jirani hakucheka. Aliutazama mkono wa Walburga, uliozama mpaka kifundo katika udongo uliotitia.

"Nyumbani umewaambia kuwa uko huku?" aliuliza, huku akilifunga lango kwa komeo.