Bawa la Kanga

Sogeeni wajukuu, na aliye na karanga mdomoni ameze, tunyamaze.

Kanga alimbana kinda wake chini ya bawa hata alipokua mkubwa. Siku moja alimkuta jirani yake Fuko akiondoa nyasi zilizofunika miche ya nyanya kitaluni.

“Unaiua kwa jua, mwenzangu,” akamcheka.

“Shoga, mche usiofunuliwa haukazi shina. Na huyo wako, amewahi kukimbia?”

Kabla Kanga hajajibu, Kipanga akashuka. Kanga akataka kuruka, lakini bawa lililombana mtoto halikukunjuka. Wafe wote wawili? Akamwachia. Kinda akayumba, akaanguka, akainuka, akatimua mbio mpaka ndani ya mihogo.

Kinda akarithi mbio, yeye na uzao wake. Kanga akarithi mkia mfupi, maana ule mrefu uliondoka na Kipanga.