Kengele ya Kapsokwony

"Imelia tena," Bwana Mukhisa alisema, akichungulia dirishani. "Kapsokwony. Washa pikipiki."

Jairus Wabwile alikuwa amelala chini ya pikipiki hiyohiyo uani mwa posta ya Kitale, mikono imejaa grisi. Alijifanya kuguna. Lakini aliyemtazama vizuri angeona anatabasamu.

Mlimani, chini kidogo ya Kapsokwony, kulikuwa na kibanda cha mawe chenye mitambo ya kuipa nguvu sauti ya simu kati ya Kitale na Bungoma. Hakikuwa na mlinzi. Mwaka huo wa 1958 kilijilinda chenyewe: joto likizidi ndani, maji yakiingia au mlango ukifunguka, waya ulipeleka habari hadi Kitale, na kengele ndogo ikalia mezani kwa Bwana Mukhisa. Mukhisa ndiye aliyesimamia ujenzi wa kibanda hicho. Alikaa huko msimu mzima wa mvua, na wenzake walishangaa aliporudi amenenepa na kuchangamka kuliko alivyokwenda.

Jairus alikuwa fundi wake. Kengele ikilia, yeye ndiye aliyetumwa kuangalia.

"Mbona mimi siisikii hiyo kengele?" aliuliza Rispah, aliyekuwa akiunganisha simu chumba cha pili, ukuta wa mbao tu ukiwatenganisha.

"Wewe masikio yako si yako," Mukhisa alimjibu. "Yamejaa maneno ya watu."

Jairus hakungoja wamalize. Alinawa, akavaa koti safi, akaupanda mlima.

Kibandani hakukuta tatizo. Hakukuwa na joto wala maji, na kufuli lilikuwa mahali pake. Ila kando ya mlango, kama ilivyokuwa kila alipotumwa huko, alisimama Chepkorir, binti wa mzee Kiplangat ambaye shamba lake lilipakana na kibanda. Alikuwa amevaa gauni la kwenda mjini, kikapu mkononi.

"Leo umechelewa, ndugu Jairus."

"Kwani ulijua nakuja?"

"Si kengele imelia?"

Jairus akacheka peke yake. Kufuli linaweza kuwa zima, aliwaza, lakini mlango ukisukumwa kwa bega kidogo tu, waya unashtuka. Msichana wa watu! Anausukuma mlango wa serikali ili amwone fundi. Na hilo neno "ndugu" alilielewa pia. Ilikuwa haya tu.

Alimpakia kwenye kigari cha pembeni, wakateremka kwenda Kitale. Chepkorir alikuwa na shangazi huko, mtaa wa Tuwan.

"Na huyo mkubwa wenu," Chepkorir aliuliza njiani, akipaza sauti juu ya mngurumo wa injini, "ni mtu mkali?"

"Mukhisa? Aa, ni maneno tu. Ni mtu mzuri."

"Ati ni mzuri?" Akageuza uso kuelekea mashamba ya mahindi.

Maskini, anaogopa nitafutwa kazi kwa ajili yake, Jairus aliwaza, na moyo ukamjaa.

Kesho yake alimwendea Mukhisa, aliyekuwa akinywa chai.

"Bwana, hili tatizo la mlango wa Kapsokwony... naona tusiwe na haraka ya kulirekebisha."

Mukhisa alipaliwa na chai, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Hata mimi naona hivyo," alisema alipopata pumzi. "Mitambo ni kitu cha kwenda nacho polepole."

Mwezi huo mama yake Jairus, Lenah, alikuja kutoka Sirisia na habari za msichana mmoja mwenye adabu, binti wa mwalimu, ambaye wazazi wake walikuwa wanangoja jibu.

"Mama, waambie wasiningoje," Jairus alisema. "Mimi nimeshapata."

"Amekubali?"

"Mama, huyu ananiita mwenyewe. Ananiita kwa waya!"

"Mimi nimekuuliza kama amekubali."

Jairus aliona mama yake hawezi kuelewa mambo ya mitambo. Alimsindikiza hadi kwenye basi, kisha akapitia dukani na kununua viatu vyeusi vilivyombana vidole. Angezungumza na Chepkorir Jumapili, baada ya ibada, mbele ya shangazi yake, kama mtu mwenye heshima.

Jumapili ilipofika alikaa benchi la nyuma. Alimwona Chepkorir upande wa akina mama, ameinamisha kichwa. Alipanga maneno yake, akayapangua, akayapanga upya. Wimbo wa mwisho uliimbwa bila yeye kujua ni upi.

Mchungaji alikohoa, akakunjua karatasi ya matangazo.

"Inatangazwa ndoa kati ya ndugu Zakaria Mukhisa wa posta na binti Chepkorir Kiplangat wa Kapsokwony. Mwenye pingamizi na aseme."

Jairus aliangalia viatu vyake mpaka kanisa likabaki tupu.

Nje, Mukhisa alikuwa akimngoja karibu na lango, tai shingoni, akicheka kwa haya kama kijana wa shule. Alimwekea Jairus mkono begani.

"Jumamosi ya arusi utaenda kumleta kama kawaida," alisema. "Ila mara hii, bana, osha pikipiki."